Ukipanda mti adimu, andika asili yake

Kwa wenzangu mnaokusanya miti adimu, iwe kwenye kiwanja cha shule, cha parokia au ekari moja nyuma ya nyumba, ushauri wangu wa kwanza hauhusu mbolea wala maji. Kabla mbegu haijaingia udongoni, andika ilitoka wapi: msitu gani, mwinuko gani, tarehe gani, na imeokotwa chini ya miti mama mingapi. Mti usio na habari hizo utakupa kivuli, lakini atakayekuja siku moja kutafuta mbegu za kurudisha msituni hataweza kuutumia.

Nimelishika jambo hili kwa sababu ya mti wa mbali, mwelmu (elm kwa Kiingereza) wa Himalaya, Ulmus wallichiana. Kwao wafugaji hukata matawi yake kulisha ng'ombe na mbuzi, na mti unaokatwakatwa hivyo hauzai mbegu za kutosha. Umekuwa haba. Wakati huohuo Ulaya mielmu ilikuwa inakufa kwa kuvu inayoenezwa na mbawakavu wa magome. Inaziba mishipa ya maji na mti unanyauka ukiwa umesimama. Uingereza peke yake ilipoteza mamilioni ya miti. Mwaka 1960 mtafiti wa Kiholanzi, Hans Heybroek, alikwenda Himalaya kukusanya mwelmu huo. Waholanzi walikuwa wameanza kuuzalisha na mielmu ya Ulaya hata kabla ya safari hiyo, na katika miaka ya 1970 wakatoa aina zinazoustahimili ugonjwa, kama 'Lobel' na 'Dodoens'. Mti waliokuwa wakilishia mifugo ukawa na kinga ambayo Ulaya nzima iliihitaji. Nani angejua mapema? Ndiyo maana siamini kwamba kuna mti adimu usio na faida.

Wapo wanaoniuliza kama mwelmu huo unaweza kupandwa Entebbe. Usihangaike kuuagiza. Ni mti wa milima yenye majira ya baridi kali, na joto letu la kando ya ziwa halibadiliki sana mwaka mzima. Isitoshe, tunao wa ukoo huo hapa nyumbani: Holoptelea grandis, mti mrefu wa misitu kama Budongo. Jenasi yake ina spishi mbili tu duniani; nyingine, Holoptelea integrifolia, iko Asia, India ikiwemo. Anayetaka kulea mti wa ukoo wa mielmu nchini Uganda aanze na huu wetu.

Mbegu zake ni nyepesi, zina bawa, na upepo hauzisubiri. Ziokote zinapoanza kudondoka, zianike kivulini kidogo, kisha zipande mapema, bila kungoja msimu ufuate. Kitaluni kwangu zilizopandwa zikiwa mbichi ndizo huota vizuri. Zilizokaa kwenye bahasha huota chache. Zifunike kwa udongo mwepesi tu. Na usiridhike na mti mmoja mzuri ulio kando ya barabara: okota chini ya miti kadhaa iliyo mbalimbali, la sivyo bustani yako yote itakuwa watoto wa mama mmoja. Ukiingia hifadhi ya msitu, omba kwanza ruhusa ya NFA, mamlaka ya taifa ya misitu.

Kuhusu vibandiko, kalamu ya wino hufutika kwa jua na mvua zetu. Mimi hukata ukanda wa bati laini la alumini, naandika namba kwa msumari, nauning'iniza kwa waya uliolegea ili usikate gome mti unaponenepa. Namba hiyo ndiyo iliyo kwenye daftari, na daftari lina nakala inayowekwa nyumba nyingine.

Miche ikitosha, gawa. Moto mmoja wa kiangazi au mchwa wa msimu mmoja unatosha kumaliza mkusanyo wote. Mpelekee mwenzako wa Masaka au Fort Portal miche michache, na siku hiyohiyo umpe ukurasa wake wa daftari.