Maswali na majibu: kuutolea maoni mkusanyiko wa hadithi za kisayansi za kiza

Mkusanyiko una hadithi 12. Nne zimeninasa, tano za kawaida, tatu zimenishinda. Niupe nyota ngapi?

Usipige wastani. Utapata nyota tatu, na nyota tatu hazimwambii mtu kwamba humo mna hadithi ya kumkosesha usingizi. Kila umalizapo hadithi, kabla hujafungua inayofuata, andika mstari mmoja: kipi kimebaki kichwani, na ni wapi ulianza kuruka aya. Ukingoja hadi mwisho wa kitabu, hadithi za katikati zitakuwa zimeshachanganyikana. Halafu zitaje zile nne kwa majina, na useme zile tatu uliziachia ukurasa gani. Wahariri wengi hutanguliza hadithi yenye nguvu na kufungia na nyingine kama hiyo, kwa hiyo aliyesoma mbili za mwanzo tu asijidai amekijua kitabu.

Karibu kila hadithi inaishia kwenye kifo. Kufikia ya tano sikushtuka tena. Kosa ni langu?

Kama ulizisoma zote kwa mkao mmoja, kiasi ni lako. Soma moja au mbili kwa siku. Ikiwa hata hivyo mwisho unaubashiri tangu ukurasa wa pili, basi mwandishi anarudia mbinu ileile, na hilo liandike.

Ila kifo peke yake hakileti kiza. Chukua mashine ya kugawa dawa hospitalini. Ikiharibika ikamuua mgonjwa, hiyo ni ajali. Sasa ifanye kazi barabara: imnyime mgonjwa wa kitanda cha tatu dozi ya mwisho kwa kuwa wa kitanda cha nne ana nafasi kubwa zaidi ya kupona, na muuguzi atie saini kwa sababu fomu haina sehemu ya kukataa. Hapo hata mgonjwa akipona, msomaji hatulii. Maoni mazuri huonyesha saini hiyo iko wapi katika hadithi.

Ni haki kuikosoa sayansi yenyewe?

Ni haki, pale kosa linapobeba hadithi nzima. Mlipuko unaosikika angani pasipo hewa ni dosari ndogo, ipite. Mfano mzito ni "The Cold Equations" ya Tom Godwin, ya mwaka 1954: chombo kinapeleka dawa kikiwa na mafuta ya kutosha rubani na mzigo tu, binti amejificha ndani, na uzito wake utakiangusha. Fizikia haina tatizo. Wasomaji wameuliza mengine: kwa nini chombo hakikukaguliwa kabla ya kuruka, na ni mhandisi gani anayekisafirisha bila akiba? Swali hilo linauma, maana hadithi inasema wa kulaumiwa ni maumbile, kumbe kuna mtu aliyeidhinisha utaratibu huo.

Nitawaonyaje wengine bila kumwaga mtama?

Simulia hali ya mwanzo, usiguse mageuzi. Usivuke robo ya kwanza: kwa hadithi ya maneno 4,000, ishia kwenye maneno 1,000. Onyo litaje jambo, lisimtaje mhusika. "Hadithi ya tatu ina ukatili dhidi ya watoto" inatosha. "Mwana wa rubani anauawa" imeshaharibu. Na hata "mwisho utakushangaza" ni kufichua, kwani msomaji ataanza kuusaka huo mwisho badala ya kusoma.

Moja ina kurasa 60. Bado ni hadithi fupi?

Kwa vipimo vya tuzo za Hugo, zinazotolewa kwa hadithi za kisayansi na za kifantasia, hapana. Hadithi fupi huwa chini ya maneno 7,500. Kuanzia hapo hadi 17,500 ni daraja la kati, na juu yake hadi 40,000 ni novela. Kurasa 60 zenye maneno 300 kila mmoja ni 18,000. Ipime kama novela, na uone kama wahusika wa pembeni wamepewa kazi ya kutosha kujaza nafasi hiyo.