Wanaoanza kibwawa nyumbani: ukijani unatokana na chakula

Wale mnaoanza kibwawa cha samaki uani, acheni kumwaga maji yote kila yakigeuka kijani. Ukijaza ya bomba yana klorini, inaua bakteria wazuri na samaki nao wanaumia, halafu baada ya muda kijani hichooo kimerudi, maana ule ni mwani, yaani vimea vidogo sana vinavyoelea majini, na mwani unataka jua na mbolea tu, na mbolea yenyewe unaimwaga wewe kila siku ukijua unalisha samaki. Chakula kikizidi kinaoza chini, kinyesi nacho kinatoa amonia, kemikali ambayo kwa mwani ni mbolea, mwani unanenepa.

So kabla hujanunua chochote punguza chakula. Tupia kidogo kidogo, kiishe ndani ya dakika tano hivi, kikibaki kinaelea umezidisha. Majani ya mwembe yakidondokea humo yatoe na wavu mapema.

Halafu hakikisha ni mwani kweli. Chota maji kwenye glasi yalale mpaka asubuhi, ukikuta tope limetuama chini na juu kweupe basi shida yako ni udongo, labda kambare wanachimbua au kingo zinamomonyoka na mvua.

Kwa kivuli yungiyungi ndo kiboko, yafunike kama nusu ya bwawa hivi. Magimbi pembeni nayo yanafyonza mbolea vizuri tu. Magugu maji yanafyonza balaa ila kule Ziwa Victoria yalisambaa mpaka yakaziba njia za mitumbwi, mi siyashauri kabisa, na kama unayo tayari usiyatupe mtaroni, anika yakauke ndo uweke kwenye mboji.

Ukiwa na pampu ndogo pitisha maji kwenye pipa la kokoto. Bakteria wanakaa kwenye zile kokoto wanageuza amonia kuwa nitriti kisha nitrati, mimea inakula. Inachukua wiki kadhaa, kuwa mpole, na kokoto zikichafuka suuza kwa maji ya bwawa lenyewe, sio ya bomba.

Ila kama unafuga sato wa kitoweo usitafute maji meupe kama ya chupa, ukijani kiasi ni msosi wao. Zamisha mkono taratibu, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko hapo umezidi. Na ukiwakuta alfajiri wako juu wanahema, oksijeni imeisha, maana usiku mwani nao unaivuta. Siku hiyo usilishe, badilisha robo tu ya maji, na hayo mapya yawe yamekaa wazi kwenye ndoo siku moja mbili.