Re: Fuso inaunguza fyuzi ya taa ndogo

Habari mkuu, pole. Kama nimekuelewa, ukiwasha taa ndogo fyuzi inakatika hapo hapo, mchana ukiwa hujaziwasha gari haina shida. Hiyo ni shoti, na kwanza kabisa acha kuongeza fyuzi kubwa au kufunga kawaya badala yake, utachoma waya zote usingizie betri.

Mimi yangu ilinisumbua nikibeba mahindi Kibaigwa, fundi akataka kubadilisha swichi na haikuwa swichi. Fanya hivi: toa fyuzi, mahali pake unga balbu ya indiketa ya volti 24 (sio 12, itaungua), washa taa ndogo. Balbu ikiwaka kwa nguvu shoti ipo, sasa anza kuchomoa soketi moja moja ukianzia nyuma, kule kwenye taa za namba na za ubavuni maana ndiko kunakogongwa na mawe, pale balbu itakapofifia ghafla ndio upande wenyewe. Kama haififii tikisa waya unaopita kwenye chasisi, hasa unapokatiza vyuma na kwenye klipu, wangu ulikuwa umesuguliwa na bodi mpaka shaba inaonekana, umejaa vumbi la huku kwetu huwezi hata kuona bila kuufuta.

Rangi za waya siwezi kukwambia, gari kuukuu limepita mikono mingi na kila fundi anaunga waya aliokuwa nao mfukoni. Una tela? Kama unayo chomoa plagi yake kabla ya yote.