Shemeji ameachiliwa, mbona gari bado limezuiliwa?

SWALI: Wakili, salaam aleikum. Shemeji yangu alishtakiwa kwa ulanguzi wa heroini hapa Mombasa. Hakimu amemwachilia kwa kuwa haikujulikana ile sampuli ilishikwa na nani kabla ya kufika kwa mkemia wa serikali. Lakini gari aina ya Toyota Noah lililo kwa jina langu, tulilolinunua kwa 1,400,000, lingali limezuiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu iliyoombwa na Mamlaka ya Kurejesha Mali (ARA). Mimi nilitoa 300,000 nilizopata kwenye chama, zilizobaki alilipa yeye, taslimu. Kosa halikuthibitishwa, gari wanalishikia nini? – Mama wa Likoni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Hizo ni kesi mbili, na iliyoisha ni ya shemeji yako tu. Chini ya Sheria ya Mapato ya Uhalifu na Kukabiliana na Utakatishaji wa Fedha ya 2009, kesi ya kutwaa mali ni ya madai, na inayoandamwa ni mali yenyewe, hata kama jina lako ndilo lililoandikwa kwenye karatasi za korti. Kumfunga shemeji kulihitaji ushahidi usioacha shaka. Kulitwaa gari kunahitaji tu jaji aone kwamba yaelekea zaidi lilinunuliwa kwa pesa za unga kuliko vinginevyo. Kifungu cha 92 kinasema wazi kuwa matokeo ya kesi ya jinai hayatangui amri ya kutwaa. Hukumu ya hakimu iambatanishe, itasaidia, ila usiiegemee peke yake.

Najua wengi huiona dhuluma, na kwa kiasi fulani nakubaliana nao, maana mwenye biashara ya mkononi asiyetunza risiti huumia. Lakini sheria za namna hii zina chanzo chake. Mwaka 1980, majaji wa juu kabisa Uingereza walishughulikia genge la watengenezaji wa LSD, aina ya dawa ya kulevya, waliokwisha kufungwa. Sheria ya wakati huo iliruhusu kutwaa vitu vilivyohusika na kosa, si faida iliyokwisha kuingia benki. Majaji wakairudisha mali, wakisema wazi kwamba wanasikitika. Bunge lao likatunga sheria mpya mwaka 1986, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Vienna wa 1988 ukazitaka nchi wanachama ziwe na uwezo wa kutwaa faida hizo. Kenya ikafuata kwa sheria ya mihadarati ya 1994, kisha hii ya 2009.

Sasa tuje kwako. Amri ya kuzuia mali hutangazwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Ukishapewa ilani, una siku 14 za kueleza kwamba unapinga. Kama zimepita, mwone wakili leo aombe ruhusa ya kuchelewa. ARA nayo ina siku 90 tangu tangazo hilo kuwasilisha ombi la kutwaa. Isipofanya hivyo, amri hufa. Tarehe hiyo uitazame mwenyewe gazetini, usingoje kuambiwa.

Utetezi wako uko kwenye kifungu cha 93. Mahakama yaweza kuitoa haki yako nje ya amri ya kutwaa ikiwa uliipata kihalali, ulilipa thamani isiyopungua sana, na hukujua wala hukuwa na sababu ya kushuku. Jina kwenye kitabu cha gari halitoshi. Sitakuficha: ile 1,100,000 aliyoilipa shemeji ni ngumu kuitetea kama yako. Za kupigania ni 300,000. Leta daftari la chama lenye zamu yako, taarifa ya M-Pesa ya siku ulipopokea, hati ya kiapo ya mweka hazina, na mkataba wa mauzo. Shemeji naye aeleze pesa zake alizipata wapi, kwa stakabadhi. Jibu la “ni biashara” bila rekodi za benki wala kodi, majaji hawalipokei.

Jambo moja la haraka: usijaribu kulihamishia gari jina la ndugu mwingine. Huko ni kukiuka amri ya korti. Na ukionekana unaficha mali ya uhalifu, hilo ni kosa la utakatishaji, lenye kifungo cha hadi miaka 14, au faini ya hadi milioni 5 au thamani ya mali, ipi iliyo kubwa, au vyote viwili.