Ukijenga pwani ya kusini, bajeti ianzie kwenye paa

Msomaji mmoja anayejenga Kilwa Masoko ameandika kwamba boma lake limefika usawa wa juu ya madirisha. Pesa aliyobaki nayo inatosha kumwaga mkanda wa zege (boriti inayozunguka juu ya kuta zote) na kuezeka kwa bati jembamba la geji 30, au kuezeka kwa bati nene zaidi la geji 28 bila mkanda. Anauliza achague lipi.

Asichague lolote kati ya hayo. Apunguze kitu kingine, au asimame hadi pesa ya vyote viwili itimie. Mtu anayejenga Lindi, Mtwara, Kilwa au Mafia anajenga mahali ambapo upepo unaweza kuja siku moja na kulidai paa zima. Aprili 1872 kimbunga kilivunja majahazi na mikarafuu Unguja. Aprili 1952 kilipiga Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilitukosa kidogo tu kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Mei 4, 2024 Hidaya kikatua Mafia. Msimu wa vimbunga huku ni Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya kilikuja Mei, kwa hiyo kalenda peke yake isikupe usingizi.

Tatizo letu ni namna tunavyojenga. Msingi mwaka huu, boma mwaka kesho, kupaua pesa ikipatikana. Kwa mpangilio huo paa hufika zamu yake mfuko ukiwa umechoka, na hapo ndipo fundi anapoambiwa "punguza punguza". Anapunguza kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), anapunguza unene wa bati, anaruka mkanda. Pwani ya vimbunga inataka hesabu ya kinyume: kokotoa kwanza gharama ya paa na vyote vinavyolishikilia mpaka ardhini, itenge pembeni, kisha kinachobaki ndicho kikuambie nyumba iwe na vyumba vingapi.

Sababu iko kwenye nguvu za upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa una mgandamizo wa kama kilo 17 kwa kila mita ya mraba. Ukifika kilomita 120 unakuwa karibu kilo 70, na kwenye kingo na pembe za paa unazidi hapo, tena ukivuta kwenda juu. Paa la bati pamoja na mbao zake kwa kawaida halifiki kilo 25 kwa mita ya mraba. Maana yake uzito wake hauwezi kulibakiza mahali pake. Linabaki kwa sababu limefungwa: bati kwenye papi (mbao zinazopigiliwa bati), papi kwenye kenchi, kenchi kwenye mkanda, mkanda kwenye nguzo za pembeni, nguzo kwenye msingi. Kiungo kimoja kikikosekana, pesa uliyotia kwenye vingine haikusaidii.

Tuchukue nyumba ya mita 10 kwa 9, kuta zote za nje na ndani zikiwa na urefu wa mita 60. Mkanda wa juu wenye upana wa sm 15 na kimo cha sm 20 unakula zege mita za ujazo 1.8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 12 ya saruji. Nondo za mm 12, nne kwa urefu wote, ni vipande 22 hadi 24 vya mita 12, maana kila maungio yapishane sm 50 na kwenye pembe nondo zikunjwe ziingie ukuta wa pili. Fundi akikatisha nondo kwenye pembe, umepata vipande vinne vya zege vilivyolala juu ya ukuta, hujapata mkanda. Ringi za mm 8 za kuzifunga nondo hizo pamoja, kila sm 20, ni 300, sawa na nondo 15 hivi. Chukua karatasi, weka bei ya dukani kwenu leo, kisha linganisha na unachotaka kutumia kwenye taili za sebuleni. Wengi wakiona hesabu hiyo hushangaa jinsi mkanda ulivyo rahisi. Na taili zinaweza kuwekwa hata miaka mitatu baadaye. Mkanda ukishapitwa, haurudiwi bila kung'oa paa.

Nguzo za zege kwenye pembe zinatakiwa zianzie kwenye msingi, nondo zake zipande hadi ndani ya mkanda. Kwa msomaji wetu wa Kilwa, kama hazikuwekwa, ni nafuu kubomoa tofali za pembe sasa hivi, boma likiwa bado chini, kuliko wakati wowote mwingine.

Kisha kenchi. Kabla zege la mkanda halijakauka, vishikio viwe vimeshazikwa ndani yake kila mahali kenchi itakapokaa. Tumia ukanda wa chuma uliopakwa zinki, upana mm 30, unene mm 1 na kuendelea, upite juu ya mbao na kushuka upande wa pili, misumari mitano kila upande. Waya mwembamba wa kufungia nondo si mbadala. Hewa ya chumvi huula, na ukiuvuta kwa nguvu hukatika. Kenchi zikae kila sm 90 badala ya mita 1.2. Kwa urefu wa mita 10 unaongeza kenchi tatu tu, kutoka 10 hadi 13. Papi za kwenye kingo zisogezwe karibu, sm 60, kwa sababu upepo huanza kubandua ukingoni. Mbao ziwe zimetiwa dawa. Mbao iliyoliwa na mchwa haishiki msumari hata ukipigilia mia.

Bati: namba ya geji ikishuka, bati linakuwa nene. Nunua geji 28, na ukiweza 26. Ukikagua mapaa yaliyobebwa na upepo utaona jambo moja mara nyingi: msumari bado uko kwenye papi, kofia yake ipo, na kuizunguka kuna tundu lililopanuka. Bati jembamba limechanika likauacha msumari nyuma. Kwa hiyo tumia skrubu zenye washa pana ya mpira, kila wimbi kwenye kingo na kwenye kofia ya paa, na kwa kuruka wimbi moja moja katikati. Paa la ukubwa huu linakula skrubu kama 1,000. Fundi atakwambia ni nyingi. Mlipe siku ya ziada.

Paa la pande nne linavumilia upepo kuliko mgongo wa tembo, yaani paa la pande mbili, ambao kuta zake za pembetatu huanguka mapema. Tenga bati zaidi kidogo kwa ajili ya vipande vitakavyokatwa vikatupwa. Mteremko uwe karibu nyuzi 30, na uchomozaji wa paa nje ya ukuta usizidi sm 50. Baraza liwe na paa lake, lililotengana na paa kubwa, ili likiondoka liondoke peke yake. Paa lililounganishwa na baraza hufunguka kuanzia hapo.

Kwenye tofali ndiko pesa huibwa kimyakimya. Mfuko mmoja wa saruji utoe tofali za inchi 6 kati ya 25 na 30. Muuzaji anayetoa 50 anakuuzia mchanga uliosimama. Mchanga wa ufukweni na maji ya chumvi visiingie kwenye zege hata kama ni bure, kwa sababu chumvi huozesha nondo ndani, nondo huvimba na kulipasua zege. Nondo zifunikwe na zege la sm 4 angalau. Kwenye mkanda wenye upana wa sm 15 hilo linawezekana tu kama ringi zimekunjwa kwa upana usiozidi sm 7, kwa hiyo pima ringi ya kwanza kabla fundi hajakunja zilizobaki.

Kuhusu kiwanja, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hata nje ya hapo waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi, kisha jamvi lako (sakafu ya zege) lipande juu ya alama hiyo. Kifusi cha kuinulia ni fungu la bajeti linalosahauliwa sana.

Kwa wa Mafia, saruji inavushwa kwa maji kutoka Nyamisati. Inunuliwe ya kutosha kazi ya wiki mbili tu, ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mfuko ulioganda ukipondwa na kuchanganywa hauwi tena saruji.

Ratiba nayo ni pesa. Boma lisilo na mkanda wala paa ni kuta zilizosimama peke yake, na ndizo za kwanza kulala. Panga mkanda na upauaji viingie kati ya Juni na Oktoba. Kama pesa haitafika hapo, usipandishe kuta mwaka huu. Nunua nondo, zihifadhi pakavu, subiri.

Na madirisha yachorwe kwa kipimo cha plaiwudi. Karatasi ya futi 4 kwa 8 inafunika dirisha la mita 1.2 kwa 1 na kubakiza sm 10 kila upande. Kata za unene wa mm 15 mapema, ziandike namba kwa rangi, toboa matundu, na bolti zake zikae ukutani tangu siku ya plasta. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitolewa, watu wawili wenye spana wanazifunga zote kabla giza halijaingia, na maduka ya vifaa yakiwa yamefungwa hayakuhusu.