Beki wa hoki ya barafu bila ubabe? Yupo: Nicklas Lidström

Ndugu, umeuliza kama beki wa hoki ya barafu anaweza kudumu Marekani bila ubabe. Mtazame Nicklas Lidström, Msweden aliyecheza misimu 20, yote katika timu ya Detroit Red Wings, kuanzia 1991 hadi 2012. Mechi 1,564 za ligi, dakika za adhabu (za kukaa nje kwa kosa) 514 tu! Yaani hata nusu dakika kwa mechi haifiki.

Siri yake ilikuwa kusimama mahali sahihi. Hakumvamia mshambuliaji, alimbana pembeni taratibu, kisha anakinyoosha kigongo na kukidokoa kile kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kabla jamaa hajapiga.

Na kushambulia alijua. Mwaka 2002, kwenye mchujo wa kuwania kombe, Detroit walishapoteza mechi mbili za mwanzo za mfululizo wao dhidi ya Vancouver. Ya tatu ikiwa 1-1, akapiga kutoka katikati ya uwanja, kipa akapitwa. Mfululizo ukageuka, wakabeba kombe, naye akawa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kuchaguliwa mchezaji bora wa mchujo.

Tuzo ya beki bora alitwaa mara 7. Kwangu mimi, Bobby Orr, beki wa zamani kutoka Kanada, pekee ndiye namweka mbele yake.