Weupe hupotea kwenye skana, si kwenye printa

Ndugu uliyeuliza kwa nini shela ya mamako imetoka nyeupe pe baada ya kuchapishwa, ilhali kwenye picha ya zamani mikunjo yake yaonekana: usimlaumu mwenye printa kabla hujaikagua faili yako. Mimi nilichapisha mara tatu bure.

Yangu ilikuwa picha ya babu na nduguze wawili, siku ya Idi, wamesimama Ndia Kuu, Mji wa Kale Mombasa, mbele ya ukuta wa chokaa. Kanzu nyeupe, kofia nyeupe, ukuta mweupe. Ukiiinamisha picha yenyewe dirishani waona tarizi ya shingoni, hata vitundu vya kofia, na vyote vimebebwa na kijivu hafifu mno. Skana niliiachia ijipimie. Programu nyingi za skana hutafuta mahali peupe kuliko pote ndani ya fremu, yaani eneo ulilochagua liskaniwe, hupafanya 255, yaani weupe wa mwisho, na mara nyingi hukata kidogo zaidi ili picha ing'ae. Nami fremu nilikuwa nimeibana ndani ya picha, ule ukingo mweupe wa karatasi nikauacha nje. Kilichobaki cheupe zaidi kikawa kanzu ya babu. Tarizi na kitambaa vikafika 255 pamoja, na vikishalingana hapo hakuna cha kurudisha. Ukipunguza mwangaza baadaye wapata kijivu kitupu kisicho na uzi hata mmoja.

Kwa hiyo zima urekebishaji wa otomatiki, panua fremu mpaka ukingo uingie, kisha kwenye histogramu, ule mchoro wa vilima unaoonyesha weusi kushoto na weupe kulia, sogeza alama ya weupe kulia hadi ubaki mwanya mtupu baada ya mlima wa mwisho. Picha itakuja imefifia, na mkono utakuwasha uing'arishe papo hapo. Iache hivyo hivyo. Ihifadhi kwa faili ya aina ya TIFF, biti 16 kwa kila rangi. Biti 8 zina ngazi 256 tu kutoka weusi hadi weupe, na shela nzima yaweza kuwa imejibana kwenye ngazi ishirini za juu. Ukizinyoosha zinakatika mapande mapande. Biti 16 zina 65,536.

Kioo cha skana nacho kifute vizuri. Changu kilikuwa na utando wa unyevu ambao sikuuona mpaka nilipokimulika kwa tochi.

Kama unaskani negativu, yaani filamu ambayo weupe umegeuka weusi, kumbuka shela ndiyo sehemu nzito kuliko zote kwenye filamu, taa hupenya hapo kwa shida.

Wakati wa kuhariri, tia nguvu weusi na toni za kati, weupe uuguse mwisho. Kitambaa cha kanzu mimi hukiweka kati ya 235 na 248, kwa sababu kwa kawaida penye 255 printa haitii hata tone la wino, inaacha karatasi tupu. Kunoa picha, yaani kuzitia kingo ukali, nako kuwe kidogo, maana huzungushia kingo mstari mweupe unaomeza uzi ule ule ulioupigania.

Usichapishe kubwa kwanza. Kata kipande kidogo, ukichapishe kwenye karatasi ile ile, wino ukauke, ukitazame barazani kivulini badala ya chini ya taa ya dukani. Kwa shela ya mamako, kata pale inapogusa paji la uso, upate mikunjo na ngozi kwenye kipande kimoja.